Kupima faiawoli ya kompyuta ya nyumbani: utikise geti, au usukumiwe mlango wa chumba?

Nyumba ninayopanga Nyakato, hapa Mwanza, ina vyumba sita, wapangaji sita na Wi-Fi moja. Ruta inakaa sebuleni kwa mama mwenye nyumba, kila mwisho wa mwezi tunachangia bando, na paswedi imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ukutani, juu ya mita ya LUKU. Jioni moja jirani wa chumba cha nne, kijana anayeshika hesabu za dagaa pale Mwaloni Kirumba, alinigongea mlango.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Hivi picha za sendofu ya mdogo wako mbona naziona kwenye kompyuta yangu?"

Picha zilikuwa bado kwangu. Yeye alikuwa anatafuta printa kwenye mtandao wa nyumba, akaona jina la kompyuta yangu, akabonyeza, folda zikafunguka bila kuulizwa paswedi. Pamoja na picha zilikuwemo nakala za vyeti vyangu, kitambulisho cha NIDA na daftari la kikoba chetu cha akina mama kumi na wawili. Namshukuru Mungu aliyeziona ni yeye, na kwamba alikuja kusema.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea fundi mmoja mjini kompyuta anipigie Windows upya. Alipokuwa anaijaribu, printa yake ikagoma kuonana na kompyuta. Akazima faiawoli, ile programu inayoamua nani wa mtandaoni aruhusiwe kuingia kwenye kompyuta, akaruhusu mafaili yaonekane bila paswedi, printa ikakubali, akasahau kurudisha mambo yalivyokuwa. Kilichoniuma kuliko hilo ni kwamba usiku uleule nilioichukua kwa fundi niliipima. Niliingia kwenye tovuti inayojaribu kutoka intaneti poti za kompyuta, yaani vijilango vya namba ambavyo programu hupokelea wageni, ikanipa kijani kitupu kuanzia juu hadi chini, nikalala usingizi mzito.

Tovuti ile haikunidanganya. Iligonga mlango ambao sikuwa nauliza habari zake. Chukulia nyumba yetu hii: kuna geti la chuma barabarani, halafu kila chumba kina mlango na kufuli lake. Ruta ndiyo geti. Faiawoli ya kompyuta ndiyo mlango wa chumba. Mtu aliyesimama barabarani akitikisa geti hawezi kukwambia kama chumba chako umekifunga au umekiegesha, na mpangaji mwenzako hahitaji geti kwa sababu yuko ndani tayari. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kipimo, jiulize unamhofia nani: wa barabarani au wa humo ndani.

Tangu siku ile nimetumia vipimo vya kila namna, kwenye kompyuta yangu na za majirani walioniruhusu. Naviweka hapa kimoja kando ya kingine, na sitavipa uzito sawa maana havina uzito sawa.

Kugongewa kutoka intaneti

Kipimo kinachojulikana zaidi cha aina hii ni ShieldsUP! cha Gibson Research Corporation, kampuni ya Steve Gibson wa Marekani. Husakinishi kitu. Unafungua tovuti, unabonyeza kitufe, na seva yao inaanza kupiga hodi kwenye anwani ya IP uliyokuja nayo, ile namba inayokutambulisha mtandaoni. Kila kompyuta ina poti kuanzia 0 hadi 65535. Kipimo chao kirefu hugonga 1,056 za mwanzo na kukuchorea visanduku. Chekundu maana yake poti iko wazi. Bluu maana yake imefungwa, ila imejibu kwamba imefungwa. Kijani ni ukimya: hodi imepigwa, hakuna aliyeitika.

Kwa bando ni rahisi sana, kwa muda ni dakika chache, na hata mtu asiyejua amri yoyote ataelewa rangi. Kwa sifa hizo tu ningekipendekeza kwa kila mtu. Tatizo ni swali moja: anwani hiyo inayogongwa ni ya nani?

Ukiwa Mwanza na unatumia hotspoti ya simu au ruta ya laini, uwezekano ni mkubwa kwamba si yako. Mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, kwa sababu anwani za IPv4, aina ya zamani, zimekuwa haba. Mwaka 2012 ilitengwa safu maalumu ya anwani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa intaneti, halafu linganisha na anwani ambayo tovuti ya kipimo inasema inakuona nayo. Zikiwa tofauti, hodi yote ile imeishia kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Kijani unachokiona ni cha geti lao. Hata ungekuwa umezima faiawoli kabisa, kama mimi, kingebaki kijani.

Vilevile ukiwa umewasha VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine, kinachopimwa ni seva ya VPN. Na kama laini yako inatoa pia anwani za IPv6, aina mpya, kipimo cha IPv4 hakisemi lolote kuhusu hizo. Kwenye IPv6 kompyuta yaweza kupewa anwani yake yenyewe ya hadharani, kwa hiyo faiawoli, ya ruta au ya kompyuta, ndiyo inayobaki kuamua nani aingie.

Hata hivyo kuna watu ambao hiki ndicho kipimo chao cha kwanza. Shemeji yangu ana duka la vifaa vya umeme Makoroboi, na ana intaneti ya waya yenye anwani ya hadharani. Aliyemfungia kamera za ulinzi alifungua poti kwenye ruta ili shemeji aone duka kupitia simu akiwa nyumbani Buswelu. Kompyuta ya mahesabu iko kwenye mtandao huohuo. Kwa nyumba au duka la namna hiyo, kipimo cha ndani hakitaonyesha tundu lililotobolewa kwenye geti. Tulipopima kutoka nje, kisanduku kimoja kilikuwa chekundu na kingine chekundu pia, hicho cha pili hakuna aliyekumbuka kilifunguliwa kwa ajili ya nini. Tukakifunga, kamera zikaendelea kufanya kazi.

Kuiuliza kompyuta yenyewe

Hiki ndicho cha haraka kuliko vyote, na hakili bando hata chembe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika:

netsh advfirewall show allprofiles

Utaletewa hali tatu: ya mtandao wa ofisi wenye seva yake, ya mtandao binafsi, na ya mtandao wa hadharani. Kila moja imeandikwa ON au OFF. Watu wengi huangalia ya kwanza tu wakafunga dirisha. Ile unayoitumia sasa hivi kwenye Wi-Fi yako ni mojawapo ya mbili za chini, kwa hiyo soma mpaka mwisho. Kwangu, baada ya kazi ya fundi, zote tatu zilikuwa OFF. Ningeuliza tu usiku ule ningejua.

Amri ya pili ni netstat -ano, inayoorodhesha poti ambazo programu zimekaa zikisubiri mgeni. Mstari wenye 0.0.0.0:445 na neno LISTENING maana yake programu inasubiri wageni kutoka popote. Wenye 127.0.0.1 unasubiri mgeni wa humohumo ndani ya kompyuta, huo usikusumbue.

Anayetumia Ubuntu aandike sudo ufw status, na asishangae akikuta imezimwa, ndivyo inavyokuja. Mwenye Mac naye aende kwenye mipangilio, kwa kawaida huikuta imezimwa mpaka aiwashe mwenyewe.

Ubaya wa njia hii ni kwamba unamuuliza mlinzi kama yuko macho. Atakujibu yuko macho. Faiawoli inaweza kuandikwa ON huku ndani yake kuna ruhusa kumi zilizoongezwa na programu mbalimbali, au antivirusi uliyoiweka imechukua kazi hiyo na muda wake wa malipo umekwisha. Maandishi ya mipangilio yanasema kilichokusudiwa. Kinachotokea hodi inapopigwa ni jambo jingine.

Hapa niwaonye kuhusu kosa ambalo nimeliona kwa vijana wengi wanaojifunza: kuskani kompyuta, yaani kugonga poti zake, kutokea kwenye kompyuta hiyohiyo. Ukijigonga mwenyewe kwa 127.0.0.1, au hata kwa anwani yako ya Wi-Fi, safari hiyo haitoki nje ya kompyuta. Ni sawa na kujaribu kufuli ukiwa umekaa kitandani ndani ya chumba. Utaona poti ziko wazi na utashtuka bure, ilhali jirani anaziona zimefungwa.

Kugongewa na kifaa kingine cha humo ndani

Nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa mpangaji wa Mwanza, nachagua hiki, na sababu yake si picha za sendofu peke yake.

Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea kwa kupitia poti 135 ya Windows. Windows XP ilikuwa na faiawoli tayari, ila ilikuja ikiwa imezimwa. Microsoft waliiwasha kwa kila mtu kwenye kifurushi cha masasisho cha Service Pack 2 cha Agosti 2004. Mei 2017 ikaja WannaCry kupitia poti 445, ile ya kushirikishana mafaili, ikagusa nchi zaidi ya 150, ingawa kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa Machi ya mwaka huohuo. Ikishaingia kwenye kompyuta moja ilijaribu zote zilizo kwenye mtandao mmoja nayo. Geti halikuwa na la kusema hapo. Kompyuta moja yenye ugonjwa kwenye korido yetu, iwe imeupata kwenye fleshi ya steshenari au kwenye filamu ya kupakua, inaanza kugonga vyumba vingine vitano. Na siku hizi kuna kompyuta nyingi mtaani bado zina Windows 10, ambayo Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7, ambayo msaada wake uliisha Januari 2020. Kompyuta isiyopata viraka inategemea faiawoli yake kuliko kompyuta mpya.

Unachohitaji ni kifaa cha pili kwenye Wi-Fi ileile, na anwani ya kompyuta inayopimwa, ambayo utaipata kwa kuandika ipconfig. Tuseme ni 192.168.1.23.

Njia nyepesi kabisa ni ile aliyoifanya jirani yangu bila kujua. Kwenye kompyuta nyingine ya Windows, fungua dirisha la mafaili, andika \\192.168.1.23 kwenye sehemu ya anwani, bonyeza Enter. Folda zikifunguka, umepata jibu, na halihitaji mtaalamu kulitafsiri. Zisipofunguka bado hujajua kama ni faiawoli iliyozuia au ni jambo jingine.

Hatua ya juu kidogo, bila kupakua kitu, ni PowerShell, dirisha jingine la amri, ya kompyuta hiyo ya pili:

Test-NetConnection 192.168.1.23 -Port 445

Mstari wa mwisho utasema True au False. Inagonga poti moja tu kwa wakati, na False haikwambii kama mlango umefungwa au hakuna mlango kabisa. Kwa mtu mwenye wasiwasi na poti 445 pekee, inatosha.

Anayetaka kuona nyumba nzima atumie Nmap. Ni programu ya bure ya kugonga poti nyingi kwa mkupuo, iliyotolewa na Gordon Lyon mwaka 1997, inafanya kazi Windows, Linux na Mac, na kwenye simu ya Android unaweza kuiweka ndani ya Termux, apu ya kuandikia amri, kwa kuandika pkg install nmap. Itakula MB kadhaa za bando, basi. Amri ni hii:

nmap -Pn 192.168.1.23

Ile -Pn usiiache. Bila hiyo Nmap huanza kwa kubisha kuona kama kompyuta ipo, na Windows yenye faiawoli nzuri huenda isiitike, hasa ukipima kwa simu, kwa hiyo Nmap yaweza kudhani kompyuta imezimwa na kuondoka.

Niwasimulie matokeo yalivyokuwa kwangu, maana kusoma matokeo ndiko kunakowashinda wengi. Jirani aliketi kwenye korido na kompyuta yake mapajani, mimi chumbani mlango ukiwa wazi. Mara ya kwanza, faiawoli ikiwa bado imezimwa kama fundi alivyoiacha, Nmap ilimaliza haraka sana. Poti 135, 139 na 445 zikaandikwa open, na juu yake mstari mmoja ukasema poti nyingine 997 ni closed. Watu hutazama zile tatu na kupuuza ule mstari wa 997. Mimi naona ule mstari una habari zaidi. Closed maana yake kompyuta ilipokea hodi na kujibu kwa adabu: hapa hakuna mtu. Faiawoli ya Windows ikifanya kazi haijibu hivyo, inanyamaza. Kwa hiyo hata kama kusingekuwa na poti moja iliyo wazi, majibu 997 ya closed yangenitosha kujua kwamba mlinzi hayupo.

Nikawasha faiawoli, lakini mtandao ukiwa umewekwa kama binafsi na kushirikishana mafaili kukiwa kumeruhusiwa. Nmap ikachukua muda mrefu zaidi. Zile tatu bado open, ila zilizobaki zikawa filtered, maana yake hodi haikujibiwa. Yaani mlinzi amerudi, ana orodha ya watu wa kuwapitisha, na jirani yumo kwenye orodha. Kama ungetazama mipangilio tu, ungeona ON na kuridhika.

Mara ya tatu nikaubadilisha mtandao kuwa wa hadharani, lile chaguo la Public kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Jirani akasubiri, akasubiri, akauliza, "Dada, imekwama?" Haikuwa imekwama. Kila hodi isiyojibiwa lazima Nmap iingojee kabla ya kukata tamaa. Mwishowe ikasema poti zote 1,000 ni filtered. Huo ndio ukimya ninaoutaka kwenye Wi-Fi ya kuchangia, na ndiyo maana nawashauri wapangaji wote: neno nyumbani lisiwapotoshe mkachagua mtandao binafsi. Wi-Fi ambayo paswedi yake iko ukutani ni ya hadharani, hata kama unaitumia ukiwa umevaa khanga.

Kuna jambo moja linaloweza kuharibu kipimo hiki chote. Baadhi ya ruta, hasa kwenye mtandao wa wageni, hutenganisha vifaa visionane. Hapo Nmap italeta filtered kila mahali hata kama kompyuta haina faiawoli, na utarudi kwenye usingizi wangu wa ule usiku. Dawa yake ni kufungua mlango mmoja kwa makusudi na kuona kama kipimo chako kinauona.

Tengeneza folda tupu. Weka ndani yake faili moja lisilo na siri. Kama una Python, lugha ya kuandikia programu, fungua dirisha la amri humo ndani na uandike python -m http.server 8000. Windows itakuuliza kama iruhusu. Kubali kwa mtandao unaoutumia. Sasa chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua kivinjari, andika http://192.168.1.23:8000. Jina la faili lako likitokea kwenye kioo cha simu, una hakika njia ipo. Halafu nenda kwenye mipangilio ya faiawoli, weka tiki kwenye kisanduku cha kuzuia miunganisho yote inayoingia, hata ya programu zilizoruhusiwa, kisha fungua ukurasa upya kwenye simu. Ukizunguka mpaka ukachoka na kukata tamaa, umeshuhudia faiawoli ikizuia kwa macho yako. Ondoa tiki, ukurasa unarudi. Weka tena, unapotea. Simu isipoona faili tangu mwanzo, usiamini kipimo chochote cha ndani kwenye Wi-Fi hiyo mpaka ubadilishe mtandao. Hotspoti ya simu yako mwenyewe hufaa, kwa kuwa simu inayotoa hotspoti ndiyo geti lenyewe na kwa kawaida huifikia kompyuta.

Napenda jaribio hili la simu kuliko hata Nmap, hasa kwa kumfundisha mtu. Mdogo wangu anayesoma SAUT pale Malimbe alikuwa haelewi faiawoli ni kitu gani mpaka alipoona jina la faili linatokea na kupotea kwenye simu yake.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C kufunga ile seva ndogo, na ufute ruhusa uliyompa Python. Na ruhusa ya aina nyingine usiisahau: skani kompyuta yako, au ya aliyekubali. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa. Mimi niliwapitia wapangaji wenzangu chumba kwa chumba kabla ya kugusa chochote.

Vipimo vya kutoka ndani kwenda nje

Kuna programu ndogo zinazojaribu kutoroka: zinaigiza programu mbaya inayotaka kupeleka habari intaneti, kuona kama faiawoli itazikamata. Sitakaa sana hapa. Faiawoli ya Windows kwa mpangilio wake wa kawaida huzuia wanaoingia na kuruhusu wanaotoka. Kwa hiyo kipimo hicho kitafeli kwenye karibu kila kompyuta ya nyumbani, na kufeli huko hakumaanishi kitu kimeharibika. Kina maana kwa mwenye faiawoli ya ziada inayoahidi kuuliza kila programu inapotaka kutoka. Na sipendi kumwambia mtu apakue faili la kuigiza ubaya kutoka tovuti asiyoifahamu. Kwa anayetaka kujua, atengeneze kanuni moja ya kukizuia kivinjari chake kutoka nje, ajaribu kufungua ukurasa, aone kinagoma, afute kanuni.

Wengine huchanganya faiawoli na antivirusi, wanapima kwa faili la EICAR, lile la majaribio lisilo na madhara, la herufi 68. Hilo hupima kama antivirusi inatambua. Faiawoli haihusiki nalo.

Daftari la mlinzi

Hiki si kipimo kamili lakini kinakwenda vizuri na kile cha ndani. Faiawoli ya Windows inaweza kuandika kila hodi iliyoikataa kwenye faili liitwalo pfirewall.log. Kwa kawaida uandishi huo umezimwa. Unauwasha kwenye mipangilio ya ndani zaidi, ile unayoifungua kwa wf.msc. Ukiuwasha kabla jirani hajaskani, utakuta mistari yenye neno DROP na anwani yake, poti baada ya poti. Hapo una mashahidi wawili, mmoja anasema nimegonga sikujibiwa, mwingine anasema nimesikia nikakataa.

Usishtuke ukikuta pia hodi za runinga ya chumba cha pili au simu ya mtu. Vifaa vya nyumbani huitana muda wote kutafuta printa na spika.

Kwa hiyo uchague kipi

Unatumia hotspoti ya simu yako peke yako, hakuna mwingine aliyeunganishwa: iulize kompyuta kwa netsh, kisha fanya jaribio la simu na Python mara moja. Kipimo cha intaneti kitakupimia kampuni ya simu, hivyo usihesabu kijani chake.

Unachangia Wi-Fi kama sisi, au unafanyia kazi kwenye mgahawa wenye Wi-Fi ya wateja mjini: kipimo cha ndani ndicho chako, na chaguo la Public. Kwa Wi-Fi ya mgahawa usiskani watu. Pima nyumbani ukiwa kwenye chaguo hilohilo, faiawoli itatumia kanuni zilezile utakapokuwa mgahawani.

Una intaneti ya waya yenye anwani ya hadharani, una kamera za ulinzi, au kuna mtu aliwahi kukufungulia poti kwenye ruta: anza na kipimo cha intaneti, halafu cha ndani. Hapa vyote viwili vina kazi.

Una dakika moja tu na umetoka kuichukua kompyuta kwa fundi: netsh, palepale dukani, kabla hujalipa.

Mimi hupima upya kila kompyuta inapopigwa Windows, inapowekewa printa mpya au antivirusi mpya. Wiki iliyofuata ile jioni tulipima kompyuta zote za nyumba yetu, wenyewe wakiwa wamekaa nasi. Nne zilinyamaza vizuri. Ya chumba cha pili, Windows 7 ya mwalimu mmoja, ilijibu closed kila mahali na 445 ikiwa wazi. Tuliiwasha faiawoli, tukasubiri Nmap iseme filtered, na sasa anatafuta fleshi ya kuhamishia mitihani yake ili tuibadilishe kabisa. Paswedi ya ukutani mama mwenye nyumba ameipaka rangi.